Digrii ya Sayansi ya Moto, Akademia au Ajira Kwanza: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuwa Mzimamoto Marekani

Chuo cha jamii nchini Marekani, yaani chuo cha umma cha digrii za miaka miwili, kinapotangaza programu ya sayansi ya moto, picha inayowekwa kwenye tangazo huwa ni ya mzimamoto aliyevaa koti zito na kushika mpira wa maji, na kijana anayeitazama hukata shauri kwamba akimaliza miaka miwili ya masomo ataitwa kazini. Mambo hayaendi hivyo. Ofisi ya takwimu za ajira ya Marekani huiweka kazi hii katika kundi la kazi zinazohitaji mafunzo ya baada ya sekondari yasiyo ya digrii, na idara za zimamoto zinapotangaza nafasi, mambo zinayouliza kwanza ni umri wa miaka 18 au zaidi, cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, leseni safi ya udereva, afya njema, na mara nyingi cheti cha tiba ya dharura. Digrii ikitajwa, hutajwa kama nyongeza ya kumwinua mwombaji, si kama sharti.

Hilo halina maana kwamba digrii ni bure. Lina maana kwamba ni kitu kimoja kati ya vitu vinne au vitano vinavyouzwa kwa kijana huyo, kila kimoja kwa bei yake na kwa muda wake, na kwamba familia nyingi za Kiafrika Mashariki zilizohamia miji kama Columbus na Houston hukichagua hicho kwa sababu kina jina linaloeleweka nyumbani. Mzazi akiambiwa mwanawe anasoma digrii, anatulia. Akiambiwa yuko kwenye kozi ya miezi minne ya tiba ya dharura kwenye gari la wagonjwa, anauliza chuo ataanza lini. Katika kazi hii, kwa wengi, ile kozi ya miezi minne ndiyo inayofungua mlango mapema zaidi.

Digrii inafundisha nini

Digrii ya miaka miwili huwa na krediti 60 hivi. Sehemu yake ni masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi wa chuo hupitia, kama uandishi wa Kiingereza, hesabu na saikolojia, na iliyobaki ndiyo sayansi ya moto yenyewe. Vyuo vingi hufuata mtaala wa mfano unaojulikana kwa kifupi FESHE, unaosimamiwa na Chuo cha Taifa cha Zimamoto kilichoko Emmitsburg, Maryland. Mtaala huo una masomo 6 ya msingi katika ngazi hii: misingi ya huduma za dharura, tabia ya moto na mwako, uzuiaji wa moto, ujenzi wa majengo, mifumo ya kukinga majengo dhidi ya moto, na usalama wa mzimamoto mwenyewe.

Somo la tabia ya moto peke yake linatosha kumfanya mtu aiheshimu digrii hii. Mwanafunzi huelezwa kwa nini chumba kinachowaka kona moja kinaweza, ndani ya sekunde chache, kushika moto kutoka ukuta hadi ukuta. Moshi wenye joto hupanda na kujikusanya chini ya dari. Joto lake likikaribia nyuzi 600 za sentigredi, mnururisho wake huchoma kila kilicho chini, zulia, kochi na pazia, mpaka vyote vitoe gesi na kuwaka kwa pamoja. Majaribio ya maabara za UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, yaliwahi kulinganisha sebule yenye samani za kizamani za mbao na pamba na sebule yenye samani za kisasa za sponji na plastiki: ile ya kizamani ilichukua karibu nusu saa kufika hatua hiyo, na ya kisasa haikumaliza dakika 5. Anayelijua hilo huelewa kwa nini kuvunja dirisha kabla mpira haujajaa maji kunaweza kuua watu walio ndani, kwa maana hewa inayoingia ndiyo ambayo moto ulikuwa unaikosa.

Somo la ujenzi wa majengo nalo lina faida ya pekee kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ya matofali na mabati. Majengo ya Marekani hugawanywa katika aina 5, kuanzia yale ya zege na chuma kilichokingwa hadi nyumba za fremu ya mbao, na nyumba nyingi za makazi zimo katika aina hiyo ya mwisho. Katika zilizojengwa miongo ya karibuni, sakafu na paa huweza kubebwa na kenchi nyepesi za mbao zilizounganishwa kwa vibamba vya chuma vyenye meno mafupi. Meno hayo hayaingii ndani sana ya mbao, kwa hiyo mbao ikianza kuungua juujuu tu kibamba huachia, na sakafu iliyoonekana nzima huporomoka bila kutoa onyo. Hili si jambo la kujifunzia kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama juu ya sakafu hiyo.

Katika uzuiaji wa moto husomwa mikasa iliyobadilisha sheria. Kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliwaka tarehe 25 Machi 1911 na kuua watu 146. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu ilhali moto ulikuwa ghorofa ya 8 hadi ya 10. Ukumbi wa muziki wa Station huko Rhode Island uliwaka mwaka 2003 na kuua watu 100, baada ya fataki za jukwaani kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani, katika jengo lisilo na vinyunyizio vya maji. Mwanafunzi anayezifuata kesi hizi mpaka kwenye vifungu vya sheria vilivyotungwa baadaye hutoka na jicho ambalo halipatikani kwenye uwanja wa mazoezi.

Pamoja na utajiri huo wote, mtu anaweza kumaliza digrii hii bila kuvaa koti la zimamoto hata mara moja. Nyingi ya krediti zake hupatikana darasani au kwa intaneti, na hilo ndilo linaloifanya iwe rahisi kwa mwenye kazi na familia.

Kuhusu gharama, digrii hii ni nafuu kuliko inavyodhaniwa. California hutoza wakazi wake dola 46 kwa kila krediti katika vyuo vyake vya jamii, yaani dola 2,760 kwa krediti 60, bila vitabu na ada ndogondogo. Raia na wenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) wenye kipato kidogo huweza kuomba ruzuku ya serikali kuu inayoitwa Pell, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka tangu mwaka wa masomo 2023–24, na hairudishwi. Kwa familia ya aina hiyo, ada ya digrii inaweza kulipwa yote na ruzuku. Kinachobaki kuwa ghali ni muda, na muda ndio hasa wa kupimwa katika ulinganisho huu.

Akademia ya kujilipia

Akademia, yaani shule ya mafunzo ya vitendo ya zimamoto, ni kinyume cha digrii karibu kwa kila kitu. Hapa mtu huvaa vifaa kamili na mtungi wa hewa mgongoni, hupanda ngazi, huvuta mpira uliojaa maji, hutambaa kwenye moshi bila kuona kiganja chake, na huingia kwenye jengo la mazoezi linalochomwa moto wa kweli. Akimaliza hufanya mtihani wa cheti cha mzimamoto wa daraja la kwanza na la pili, kwa viwango vilivyowekwa na NFPA, chama cha taifa cha kukinga moto, ambavyo kwa miaka mingi viliitwa NFPA 1001 na sasa vimeunganishwa na vingine katika NFPA 1010. Vyuo vingi vya jamii huendesha akademia hizi vyenyewe, na mara nyingi krediti zake huingia kwenye digrii ileile.

Jambo ambalo mwombaji hulielewa akishafika uwanjani ni hewa. Mtungi ulioandikwa dakika 30 hauwi wa dakika 30 mgongoni mwa mtu anayehema kwa kazi nzito na hofu. Unaweza kuisha katika nusu ya muda huo au zaidi kidogo, na kengele yake hulia ukiwa umebaki na sehemu ndogo tu ya hewa. Akademia humfundisha mtu kujua anatumia hewa kiasi gani, kugeuka mapema na kutoka akifuata mpira kwa mkono. Maarifa ya namna hii yako mwilini, na kitabu hakiyatoi.

Udhaifu wa akademia ya kujilipia upo katika swali moja tu: je, idara unayoitaka itakuhesabia? Idara za miji mikubwa kama New York, Chicago, Los Angeles na Houston zina akademia zao, humlipa mwanafunzi mshahara tangu siku ya kwanza, na humpitisha kwenye mafunzo yao hata kama ana cheti. Aliyelipa dola elfu kadhaa na kutoa miezi kadhaa ya usiku na wikendi ili aje kuajiriwa na idara ya aina hiyo, kwa sehemu kubwa amelipia kile ambacho angelipwa kukipata. Lakini idara nyingi ndogo na za kati hazina uwezo wa kufundisha mtu kuanzia mwanzo, na hutangaza nafasi kwa wenye cheti tu. Katika California, kwa mfano, tangazo la idara ya namna hiyo hutaka cheti cha akademia na cheti cha tiba ya dharura kiitwacho EMT kabla fomu haijajazwa. Texas nayo haimruhusu mzimamoto wa kulipwa wa mji kuendelea na kazi bila cheti cha tume ya jimbo, kwa hiyo idara isiyo na akademia humtafuta aliyekwisha kupita kwingine.

Kwa hiyo akademia haipimwi kwa ubora wake, hupimwa kwa ramani. Chukua matangazo ya idara zote zilizo ndani ya saa moja ya gari kutoka unapoishi, uyasome masharti yake ya chini kabisa, kisha ndipo uamue kama akademia ni ya lazima au ni anasa.

Kuajiriwa kwanza

Njia hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo isiyo na uhakika kuliko zote. Mwombaji hufanya mtihani wa kuandika, akifaulu huingizwa kwenye orodha kwa alama zake, kisha hufuata mtihani wa nguvu, usaili, uchunguzi wa mwenendo wake na uchunguzi wa afya. Orodha hudumu kwa muda fulani, na aliye katikati anaweza kungoja mwaka au miwili bila kuitwa. Mitihani yenyewe haina ratiba inayofanana mji hadi mji. Chicago ilifanya wake mwaka 2006, na uliofuata ukaja 2014; aliyeukosa ule wa kwanza kwa sababu yoyote alingoja miaka 8. Mtu anayesubiri mji mmoja tu anacheza bahati nasibu, na ndiyo maana wanaofanikiwa huomba idara kadhaa kwa wakati mmoja.

Mtihani wa nguvu unaotumika sana ni ule uitwao CPAT. Una vituo 8 ambavyo lazima vimalizwe ndani ya dakika 10 na sekunde 20, mwombaji akiwa amevaa fulana yenye uzito wa pauni 50, yaani karibu kilo 23. Kituo cha kwanza ni cha kupanda ngazi za mashine kwa dakika 3, hatua 60 kila dakika, na hapo huongezewa pauni 25 nyingine mabegani, jumla kilo 34 hivi. Baada ya hapo huvuta mpira, hubeba misumeno, husimamisha na kurefusha ngazi, hupiga nyundo, hutambaa kwenye handaki lenye giza, huburuta sanamu ya pauni 165 na humalizia kwa kusukuma na kuvuta dari. Wengi wanaoanguka huanguka pale mwanzoni, kwenye ngazi, kwa sababu miguu ikishachoka hakuna kituo cha kupumzikia kati ya hivyo 8. Digrii haimsaidii mtu hapa hata kidogo, na baadhi ya wanafunzi wa sayansi ya moto hugundua katika mwaka wa pili kwamba hawajawahi kufanya mazoezi ya kubeba mzigo.

Hapa pia ndipo hadhi ya ukaazi inapoamua mambo, na afadhali iangaliwe kabla ya kulipa ada yoyote. Idara nyingine hutaka uraia, nyingine huridhika na kadi ya kijani, na tofauti hiyo haifuati ukubwa wa mji wala siasa za jimbo. Aliyekuja kama mkimbizi huruhusiwa kisheria kuomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja nchini, na uraia baada ya miaka 5, ambayo kwake huhesabiwa kuanzia siku aliyowasili. Kwa kijana wa Kikongo aliyefika mwaka jana akiwa na miaka 19, hesabu hiyo peke yake inaweza kuipa digrii nafasi ambayo isingeipata: ikiwa idara za karibu zinataka uraia, miaka inayongojewa si vibaya ikitumika darasani. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi yuko mahali pagumu zaidi, kwani hastahili ruzuku ya Pell, hutozwa ada ya mgeni iliyo kubwa mara kadhaa, na kibali chake cha kufanya kazi baada ya masomo ni kifupi, ilhali kuajiriwa na idara huweza kuchukua muda mrefu kuliko kibali chenyewe. Kwake huyu, kuchukua digrii hii kwa matumaini ya kuwa mzimamoto wa Marekani si jambo ninaloweza kulipendekeza.

Cheti cha tiba ya dharura

Watu hufikiri gari jekundu hutoka kituoni kwenda kuzima moto. Karibu theluthi mbili ya miito inayopokelewa na idara za zimamoto Marekani ni ya wagonjwa: kifua kinachobana, mzee aliyeanguka bafuni, mtoto asiyepumua vizuri, ajali ya barabarani. Ndiyo maana cheti cha EMT, ambacho ni ngazi ya kwanza ya tiba ya dharura, kimekuwa sharti katika matangazo mengi, na paramediki, ambayo ni ngazi ya juu, hugombewa na idara.

Kozi ya EMT huchukua saa 120 hadi 180 hivi, yaani muhula mmoja, na hufundishwa katika vyuo vilevile vya jamii vinavyofundisha sayansi ya moto. Mwanafunzi hujifunza kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kutumia mashine ya kushtua moyo, kumfunga aliyevunjika na kumhamisha bila kumzidishia madhara, kisha hufanya mtihani wa taifa. Paramediki ni safari nyingine kabisa: zaidi ya saa 1,000, mwaka mmoja au zaidi, pamoja na zamu za hospitalini na kwenye gari la wagonjwa, dawa za mishipani na usomaji wa mapigo ya moyo kwenye karatasi.

Nikiiweka kozi ya EMT kando ya digrii, naiona ikishinda katika mambo matatu yanayomhusu kijana anayeanza. Inakamilika ndani ya miezi michache. Inampa kazi ya mshahara, hata kama si mkubwa, katika kampuni za magari ya wagonjwa wakati anangoja orodha. Tena inamwonyesha mapema kama anaiweza kazi yenyewe, kwa maana mtu asiyestahimili damu, matapishi na kilio cha ndugu wa marehemu saa tisa za usiku ni heri ajue baada ya muhula mmoja kuliko baada ya miaka miwili. Kuna na faida ya nne, ambayo haiandikwi kwenye matangazo yote lakini wasaili huiona: katika miji yenye wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi, mhudumu anayeweza kumuuliza mgonjwa kwa Kiswahili maumivu yalianza lini na amemeza dawa gani ana thamani ambayo hakuna akademia inayoifundisha.

Paramediki dhidi ya digrii ni ulinganisho mgumu zaidi, kwa sababu muda wake unakaribiana. Kwa kupata ajira, paramediki huipita digrii bila ubishi. Vipo vitongoji, Ohio na kwingineko, ambavyo havimchukui mtu asiyekuwa nayo. Lakini mwenye paramediki lazima ajue kwamba atawekwa kwenye gari la wagonjwa, na kwamba katika idara nyingine atakaa humo kwa miaka akiwatazama wenzake wakipanda gari la ngazi. Anayechukia tiba asiisome kama hila ya kuingilia mlangoni, maana wagonjwa hutambua na wenzake kituoni hutambua zaidi.

Kujitolea

Kwa hesabu za NFPA za mwaka 2020, kati ya wazimamoto milioni 1.04 wa Marekani, takriban asilimia 65 walikuwa wa kujitolea. Idara hizo ziko zaidi vijijini na kwenye miji midogo, na nyingi humfundisha mwanachama wake bila kumtoza, kwa sharti la kuhudumu kwa muda fulani. Aishiye karibu na idara ya namna hii anaweza kupata cheti kilekile cha daraja la kwanza bila kulipa ada ya akademia. Mkazi wa katikati ya jiji hana njia hii, isipokuwa yuko tayari kuendesha gari.

Moto wa nyikani ni tawi jingine. Kozi za kuingilia huchukua kama wiki moja, na mtihani wake wa nguvu ni kutembea maili 3 na mzigo wa pauni 45 ndani ya dakika 45. Kazi za serikali kuu huko hutaka uraia, ni za msimu kwa wanaoanza, na hazimwandai mtu moja kwa moja kwa kazi ya mjini.

Digrii inapoanza kulipa

Mpaka hapa digrii imeonekana kushindwa kila mahali, na kwa swali la kuingia kazini hivyo ndivyo ilivyo. Hali hubadilika mtu akishaingia. Idara nyingi huongeza mshahara kwa mwenye digrii, na nafasi za uongozi, kuanzia kapteni kwenda juu, mara nyingi huomba miaka miwili ya chuo au minne. Mpango wa maofisa watendaji wa kule Emmitsburg, ambao wakuu wengi wa idara hupitia, humtaka mtu awe na shahada ya kwanza. Aliyeingia akiwa na krediti 60 mkononi yuko nusu ya njia. Aliyeingia bila kitu huanza hesabu akiwa na watoto na rehani ya nyumba. Hata hivyo zamu za zimamoto, ambazo katika idara nyingi ni saa 24 kazini na 48 nyumbani, huruhusu kusoma kwa intaneti, na wapo wengi waliomaliza digrii namna hiyo, tena kwa kurudishiwa ada na mwajiri. Hapa ndipo hoja ya kusoma digrii kabla ya ajira inapopungua nguvu kabisa: kitu kilekile kinaweza kusomwa baadaye kwa fedha ya mwingine.

Kinachoitetea digrii kwa uzito zaidi ni mwili. Kazi hii huvunja migongo na magoti, na mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Aliyepata jeraha akiwa na miaka 35 na ana cheti cha akademia tu, hana pa kukipeleka. Mwenye digrii anaweza kuhamia ukaguzi wa majengo, uchunguzi wa vyanzo vya moto, bima, au usalama wa viwanda na hospitali. Vivyo hivyo kwa yule ambaye hakuitwa kamwe kwenye orodha yoyote.

Tahadhari moja kuhusu kuendelea na masomo: zipo digrii za miaka miwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi na zilizotengenezwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, na zote mbili huweza kubeba jina la sayansi ya moto. Ile ya kazi huweza kupoteza krediti nyingi wakati wa kuhama. Tena uhandisi wa kukinga moto, unaofundishwa mahali kama Chuo Kikuu cha Maryland, ni taaluma nyingine yenye kalkulasi na fizikia nzito, na digrii ya chuo cha jamii ya sayansi ya moto haimpeleki mtu huko isipokuwa amechagua masomo yake kwa makusudi tangu mwanzo.

Nani achague nini

Kijana wa miaka 18 anayeishi kwa wazazi, mwenye sifa za ruzuku ya Pell, sioni kwa nini achague kimoja na kuacha kingine. Aanze na EMT katika muhula wa kwanza, achukue masomo ya tabia ya moto na ujenzi wa majengo katika mihula inayofuata huku akifanya kazi kwenye gari la wagonjwa, afanye mazoezi ya kubeba mzigo tangu mwanzo, na aombe kila mtihani unaotangazwa. Akiitwa kabla hajamaliza, aende. Krediti zake hazitafutika. Kosa lingekuwa kukataa wito wa idara eti amalize digrii kwanza.

Mwenye miaka 30, mke au mume na watoto, asianze na digrii. Muda wake ni mfupi, idara nyingine zina ukomo wa umri wa kuajiri, na kila mwaka wa darasani ni mwaka wa mshahara uliopotea. EMT, kisha idara inayolipa wakati wa mafunzo. Ikiwa hakuna ya namna hiyo karibu, akademia ya usiku.

Aliyezungukwa na idara ndogo zinazotaka cheti mkononi aende akademia, lakini ya chuo cha jamii badala ya ya mtu binafsi, ili krediti zihesabike.

Anayekusudia kurudi nyumbani ni suala la peke yake. Tanzania huajiri askari wake kupitia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa matangazo yake na mafunzo yake, na Kenya huduma hii iko mikononi mwa kaunti. Kwa vyovyote, akademia ya Marekani haimpi mtu nafasi ya kuruka foleni. Kinachosafiri vizuri ni ile nusu ya digrii ambayo vijana huiona kavu, yaani mifumo ya kukinga majengo na uzuiaji wa moto. Hoteli za Zanzibar, maghala ya mafuta ya Mombasa na majengo marefu ya Dar es Salaam yana pampu, vinyunyizio na ving'ora vinavyohitaji mtu wa kuvikagua na kujua kwa nini havifanyi kazi. Mwenye nia hiyo achague chuo ambacho masomo hayo mawili yanafundishwa na mkaguzi wa kweli, na aulize kama wanafunzi hupelekwa kwenye chumba cha pampu au huonyeshwa picha tu.